Sandwichi ya hemu na chizi: chunga maji

Mwaka wangu wa kwanza jikoni hapa Malindi niliamshwa saa kumi na moja alfajiri nitengeneze sandwichi 20 za hemu na chizi, za wageni waliokuwa wanaenda kupiga mbizi marine park. Nikazichoma zikatoka rangi nzuri kabisa, nikazifunga kwa foili zikiwa bado zafuka moshi nikidhani ndio hazitapoa, nikapanga kwenye boksi nikafunga kifuniko. Kufika saa tano nahodha akanipigia simu. Mkate umelowa umekuwa uji, ukiinua foili maji yanachuruzika, na hemu inachomoka yenyewe pembeni ukiishika tu. Zilirudi 17.

Toka siku hiyo mi naangalia sandwichi kwa jicho la maji. Kila kitu kinachoingia mle kina maji yake, na hapa pwani hewa yenyewe ina maji, kwa hivyo kazi yako yote ni kujua yako wapi na yatatokea wapi.

Tuanze na hemu (naiandika na e manake hamu ni jambo lingine). Hemu ni paja la nguruwe lililolowekwa au kudungwa sindano za maji ya chumvi, halafu likapikwa. Ile rangi ya waridi yatoka kwa naitraiti, dawa ya kuhifadhi nyama iliyo ndani ya hiyo chumvi, bila hiyo nyama ingekuwa na rangi ya majivu kama nguruwe wa kuchemsha. Sasa hemu ya bei rahisi hudungwa maji mengi sana, kwa hivyo soma paketi, angalia nyama ni asilimia ngapi na maji yameandikwa namba ngapi kwenye orodha. Ukiifungua ukaona slesi zinang'aa na kuteleza, zitandaze juu ya kitambaa safi au tishu ya jikoni, uzifinye polepole, uziache dakika tano, utaona mwenyewe kitambaa kilivyolowa. Hayo maji yangeenda kwa mkate wako. Halafu usizipange bapa moja juu ya nyingine kama karata, zikunjekunje zikae na hewa katikati, ndio moto upite na ukiuma nyama iwe laini.

Chizi nayo ndio watu wengi hukosea, hasa huku kwetu ambako mozarela yapatikana kwa sababu ya Wataliano. Wamekuwa hapa tangu ule mradi wa roketi wa San Marco pale Ngomeni miaka ya 60, na mi upishi nimefunzwa nao. Kwao sandwichi hii wanaiita toast tu, mikate miwili ya slesi, prosciutto cotto ambayo ndio hemu ya kupikwa, na chizi inayoyeyuka, imebanwa kwa mashine. Lakini mozarela mbichi ile ya kuelea kwenye maji yake, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, ukiiweka kwa sandwichi umejimwagia kikombe. Parmesan nayo ni kavu mno na imezeeka, haivutiki. Tafuta gouda changa au cheddar changa, hizo protini zake bado zimeshikana vizuri, zikipata joto zinalegea pamoja na mafuta yake bila kuachana. Ikune mwenyewe kwa kikwaruzo, hiyo inayouzwa imekunwa tayari hupakwa unga isigandane na haiyeyuki sawasawa. Gramu 40 ya chizi kwa 60 ya hemu yatosha. Chizi iwe juu na chini, hemu katikati, ndio mkate ushikwe pande zote.

Mkate: boflo la jana. La leo ni laini mno, ukilikata linabonyea. Lisilale kwenye plastiki, lifunike na kitambaa, ingawa wakati wa masika hata hivyo usilikawize, ukungu haungoji.

Ndani paka siagi nyembamba mpaka ukingoni, mafuta ndio ukuta wa kuzuia maji, na haradali kidogo upande wa hemu. Nyanya usiweke. Najua mnazipenda, zikae pembeni na kachumbari yake.

Fraipani nzito, moto mdogo, na hapa ndipo subira inapotakiwa kwa sababu mkate huungua kabla chizi haijajua kama kuna moto. Nje napaka siagi pia. Upande wa kwanza dakika nne, nafunika dakika ya kwanza tu nikusanye joto halafu natoa kifuniko mvuke utoke, nageuza, dakika tatu zingine bila kufunika. Ukisikia inakaangika kwa sauti kubwa punguza moto, yatakiwa inong'one.

Na kama unauza, sikiliza hili. Majirani zangu wengi ni Waislamu, na siku moja mama mmoja aliniuliza, "Mwanangu, hiyo fraipani imepikiwa nini?" Nikamwambia ukweli, hakununua, na alikuwa na haki. Kesho yake nikanunua fraipani ya pili, kisu cha pili na ubao wa pili, hivyo havijawahi kugusana na nguruwe na vyalala kabati lake, na humo natumia nyama ya ng'ombe ya slesi ya halali, ambayo kwa bahati nzuri huwa kavu zaidi kuliko hemu. Sasa ananunua mbili kila Jumamosi, za wajukuu.

Za safari ya boti bado natengeneza. Zikitoka motoni naziweka juu ya waya wa oveni, chini kuwe na nafasi, zipoe kabisa kama dakika 20, ndipo nazifunga kwa karatasi, foili sitii tena, kisha ndani ya boksi lenye barafu, barafu ikiwa imefungwa kwenye chupa.