Antena ya mwelekeo katika mtandao wa vihisi

Mtandao wa vihisi ni kundi la vifaa vidogo vinavyopima joto, unyevu au mtikisiko na kupashana habari kwa redio. Kila kifaa, yaani nodi, hutegemea betri. Mwaka 2002 watafiti walitega nodi 32 katika kisiwa cha Great Duck, Maine, Marekani, ili kufuatilia ndege wa baharini bila kuwasumbua. Mahali kama hapo huendi kubadilisha betri kila wiki.

Sasa tuseme amri moja lazima izifikie nodi zote. Njia rahisi ni kila nodi inayoipokea iirudie mara moja. Ubaya wake ni kwamba antena ya kawaida hurusha mawimbi pande zote, pamoja na kule ujumbe ulikotoka. Mwaka 1999 watafiti wa Taiwan walipiga hesabu: hata nodi inayorudia ikiwa ukingoni kabisa mwa eneo lililokwisha kusikia, asilimia 61 tu ya eneo lake ndiyo mpya, kwa wastani ni 41. Kinachobaki ni marudio na mawimbi kugongana. Hali hiyo waliita dhoruba ya utangazaji.

Antena ya mwelekeo hukusanya nguvu upande mmoja, kama tochi ikilinganishwa na kandili. Nodi hurusha kule ambako ujumbe haujafika tu, na kwa nguvu ileile hufika mbali zaidi. Faida kubwa, kwa maoni yangu, wanaipata majirani, yaani nodi zilizo karibu. Redio ya CC2420, iliyotumika sana kwenye nodi hizi, hula miliampea 18.8 ikipokea na 17.4 ikituma kwa nguvu kamili. Kusikiliza ni ghali kuliko kusema! Jirani asiyelazimika kupokea ujumbe uleule mara ya tatu anaweza kuzima redio yake mapema.

Lakini majirani wakiizunguka nodi pande zote, italazimika kurusha mara kadhaa, upande baada ya upande, ilhali antena ya kawaida ingewafikia wote kwa mara moja. Tena nodi iliyoelekea mashariki huwa kiziwi kwa anayeita kutoka magharibi. Kwa hiyo mbinu hii inafaa pale nodi zisipohama na kila moja inapojua majirani wake wako upande gani. Ukubwa nao ni kikwazo: kwenye gigahezi 2.4 wimbi lina urefu wa sentimita 12.5 hivi, na antena yenye vijiti kadhaa huweza kuipita nodi yenyewe kwa umbo.