Naona vizuri, nipimwe nini? Maswali ya macho kutoka mwaloni

Kila tunapoweka meza ya kupima macho karibu na mwalo, pale boti za uvuvi zinapofikia, watu hupita kwanza wakichungulia. Mmoja akishakaa kwenye kiti, maswali huanza, na mengi hutoka kwa waliosimama pembeni. Mimi ni nesi wa macho hapa Mwanza. Haya ndiyo ninayoulizwa mara nyingi, kwa maneno yao kadiri ninavyoyakumbuka, pamoja na majibu ambayo pale mwaloni huwa nayatoa harakaharaka kwa sababu ya foleni.

Sista, mimi naiona hata boti iliyo karibu na kisiwa. Nipimwe nini?

Kaka, natamani kila mtu aulize swali hilo. Kuiona boti kunaonyesha kwamba sehemu ya katikati ya jicho lako inafanya kazi. Hakusemi lolote kuhusu pembeni, wala kuhusu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Upo ugonjwa unaoitwa glakoma, wengi tunauita presha ya macho, ambao kwa kawaida hula uoni wa pembeni taratibu kwa miaka, bila maumivu, bila wekundu, bila machozi. Jicho moja likidhoofika, lenzake hulibeba, na mwenyewe hajui.

Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa mitumbwi. Alianza kwa kugonga bega mlangoni na kumwaga chai, kwa sababu hakukiona kikombe kilichokuwa kando ya mkono wake. Tukasema ni uzee. Siku moja vumbi la mbao likamwingia jicho la kulia, akalifumba, na dunia yote ikawa giza. Hapo ndipo alipogundua kwamba jicho la kushoto lilikuwa limebaki na mwanga tu. Alipopimwa, lile la kulia lilisoma hadi mstari wa chini kabisa bila kukosea, ingawa nalo lilikuwa limeshaanza kuliwa pembeni. Dawa ya matone imelinda kilichobaki. Kilichopotea hakikurudi, maana mshipa ule ukishakufa hakuna dawa wala upasuaji wa kuufufua.

Jina la presha ya macho linawachanganya watu. Si presha ya damu, na unaweza kuwa na moja bila nyingine. Tena wapo wenye glakoma ambao presha ya jicho ikipimwa inasoma kawaida, kwa hiyo namba hiyo peke yake haitoshi, lazima mtaalamu autazame mshipa wenyewe kule nyuma ya jicho. Ukifikisha miaka 40, pima hata kama hulalamiki. Kama mzazi wako au ndugu yako wa tumbo moja anayo, usingoje umri huo. Sisi Waafrika glakoma hutupata mapema na kwa ukali kuliko Wazungu. Na ukishaandikiwa matone, ni ya kila siku. Chupa ikiisha, tafuta nyingine, hata kama huoni tofauti yoyote. Matone yale hayaongezi kuona. Yanazuia kupoteza.

Ni kweli wanalitoa jicho, wanalisafisha, halafu wanalirudisha?

Hapana. Hakuna kipimo wala upasuaji wa namna hiyo, na jicho likitolewa haliwezi kurudishwa likaona. Nimekutana na mama aliyeishi miaka kadhaa bila kuona, na tatizo lake lilikuwa la kutibika, kwa sababu ya uvumi huu. Kwa hiyo nieleze hatua zenyewe.

Kwanza utaulizwa maswali: unafanya kazi gani, una sukari au presha ya damu, nani kwenu alipata upofu, dawa gani unatumia. Kisha unasimama mita 6 kutoka kwenye chati na kufunika jicho moja. Kila jicho peke yake, usichungulie kwenye vidole. Chati ya namna hii ilibuniwa na daktari Mholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862. Kama hukusoma, usione aibu, ipo chati yenye herufi E iliyogeuzwa huku na huku, na wewe unaonyesha kwa mkono miguu yake inaelekea wapi. Ukiandikiwa 6/18, maana yake unachokisoma ukiwa mita 6, mwenye macho mazima angekisoma akiwa mita 18. Ukishindwa, unapewa kibao chenye tundu dogo uchungulie. Ukiona vizuri zaidi kupitia lile tundu, mara nyingi miwani itakusaidia.

Baadaye unaweka kidevu kwenye mashine yenye taa na darubini, jicho linatazamwa sehemu ya mbele, presha yake inapimwa. Huenda ukawekewa matone ya kutanua mboni ili nyuma ionekane. Yanawasha kidogo, kisha kwa saa kadhaa vitu vya karibu utaviona kwa ukungu na jua litakukera. Siku hiyo usiendeshe bodaboda wala kushika usukani wa boti. Njoo na mtu.

Nina miaka 44. Zamani nilikuwa natia uzi kwenye sindano ya kushonea nyavu bila shida. Sasa nanyoosha mkono mpaka unaisha.

Hiyo si laana wala ugonjwa. Lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa umri unavyokwenda, na kuanzia kama miaka 40 inashindwa kujikunja kwa vitu vya karibu. Dawa yake ni miwani ya kusomea. Wengi wanaogopa kwamba ukianza miwani macho yatazoea na kuharibika. Si kweli. Namba itapanda kidogo miaka ikipita, uvae usivae.

Ile miwani inayouzwa sokoni imeshapangwa namba, na inaweza kukufaa kama macho yako mawili yanalingana. Tatizo ni kwamba muuzaji hakuangalia mshipa wa jicho lako. Utafurahi kuiona sindano, huku glakoma inaendelea kimyakimya. Pima kwanza, halafu nunua unapotaka.

Mimi ni mvuvi. Kuna kinyama kinaota kutoka pembeni kwenda kwenye weusi wa jicho.

Nakiona sana kwa watu wa ziwani. Mwanga wa jua ukichanganyika na upepo na vumbi unalichokoza jicho mwaka baada ya mwaka, na kwenye maji jua linakupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka usoni mwa ziwa. Kinyama si saratani, na kikiwa kidogo hakihitaji kukatwa. Kikisogea kuelekea mboni, au kikivuta jicho mpaka picha zinapinda, hapo mwone daktari mapema. Kinakatwa, lakini kina tabia ya kuota tena, na mtu anayerudi juani bila kinga hujiongezea balaa.

Vaa kofia yenye ukingo mpana, na miwani ya jua iliyoandikwa kwamba inazuia miale ya urujuanimno (UV) kwa asilimia 100. Weusi wa kioo peke yake si kinga. Miwani nyeusi isiyozuia miale hiyo huifanya mboni itanuke, na miale inaingia kwa wingi zaidi.

Kwa wavuvi wa dagaa, mnaovua usiku kwa taa, neno moja tu: usiitazame taa moja kwa moja. Ukigeuka, kwa muda huoni kitu gizani, na upo majini.

Nabanika samaki. Jioni macho ni mekundu, yanawasha kama yana mchanga. Jirani ananiambia niweke maziwa ya mama.

Mama yangu, usiweke. Usiweke maziwa, mkojo, chai, asali wala maji ya majani. Kioo cha mbele cha jicho kikiwa na mchubuko, vijidudu vilivyo kwenye vitu hivyo vinaingia na kufanya kidonda, na kidonda kikipona kinaacha kovu jeupe. Nimeona kijana aliyekuja na punje ya mchanga akaondoka na kovu, kwa sababu katikati palikuwa na siku nne za majani.

Kwa moshi, dawa ya kwanza ni kuupunguza. Kuni ziwe kavu, banio liwe mahali penye upepo wa kupita, nawe simama upande upepo unakotoka. Osha uso kwa maji safi ukimaliza. Usifikiche macho kwa mikono yenye chumvi na magamba.

Kuna jambo linaniumiza zaidi. Watu wanaingia duka la dawa, wanaomba "dawa ya macho mekundu", wanapewa matone yenye steroidi. Wekundu unaisha siku hiyohiyo, mtu anashukuru, ananunua tena mwezi ujao. Dawa ile ikitumiwa muda mrefu bila kusimamiwa hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na kama kuna fangasi au virusi ndani, inawapa nafasi. Soma kikasha. Ukiona deksamethasoni au prednisoloni, usitumie bila kuandikiwa na mtaalamu aliyekupima. Wala usichukue chupa ya jirani.

Wakati macho mekundu ya virusi yalipoenea nchini mwanzoni mwa 2024, wengi walipona wenyewe ndani ya wiki moja au mbili kwa kunawa mikono na kutochangia taulo. Lakini wekundu wenye maumivu makali, kuona ukungu au kushindwa kuvumilia mwanga haungojwi. Nenda siku hiyohiyo.

Ndoano ikichoma jicho je?

Usiichomoe. Narudia, usiichomoe, hata mwenzako akililia uitoe. Usilioshe jicho, usilibane. Funika kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, kama kitako cha kikombe cha plastiki, kifunge kwa kitambaa, upeleke mtu hospitali akiwa ameinua kichwa. Mwiba wa sato uliochoma, hivyohivyo.

Tindikali ya betri au chokaa ni kinyume chake kabisa. Hapo osha papo hapo, kwa maji safi yaliyo karibu, si chini ya dakika 15, ukilishikilia jicho liwe wazi, ndipo uende hospitali. Muda unaopotea kutafuta gari kabla ya kuosha ndio unaopofusha.

Watoto wetu wanakula michembe na dagaa. Inatosha kwa macho?

Dagaa wadogo wanaoliwa wazima, na vichwa vyao, wana vitamini A, kwa hiyo msiwanyime watoto mkiuza wote. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ikiwa ya viazi vyeupe inashibisha ila vitamini A haina ya kutosha. Panda viazi lishe vya rangi ya chungwa, vinastawi vizuri huku kwetu. Ongeza matembele, maembe, papai. Matone ya vitamini A hutolewa mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na chanjo ya surua hutolewa ya kwanza akiwa na miezi 9. Surua inapompata mtoto mwenye upungufu wa vitamini A, inaweza kumpofusha kabisa.

Mtoto anayejigonga jioni wakati wenzake wanacheza, mpeleke. Mwenye weupe ndani ya mboni, hata kama umeuona kwenye picha ya simu tu, mpeleke wiki hiyohiyo, maana inaweza kuwa saratani ya jicho, na ikikutwa mapema maisha yanaokolewa. Na makengeza hayaishi kwa kukua. Jicho lililopinda, ubongo hulipuuza, na kadiri miaka inavyopita inakuwa vigumu kuliamsha.

Simu? Apumzishe macho kwa kutazama mbali, na acheze nje mchana. Kucheza nje kunasaidia kupunguza watoto wanaoshindwa kuona mbali.

Nina sukari, lakini iko sawa.

Pima macho kila mwaka, na uombe mboni itanuliwe. Mishipa ya damu ya retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha, huvuja kabla hujaona tofauti.

Bibi yangu yuko Ukerewe, ana mtoto wa jicho. Wanasema lazima likomae kwanza.

Ilikuwa hivyo zamani. Siku hizi huhitaji kungoja bibi ashindwe kuona sahani yake. Lenzi iliyoingia ukungu inatolewa, inawekwa nyingine ya bandia inayobaki humo maisha yote. Kwa kawaida anachomwa ganzi, halazwi usingizi, kazi inamalizika chini ya saa moja, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Hakuna matone yanayoyeyusha mtoto wa jicho, anayekuuzia anakudanganya.

Mlete kwa meli kutoka Nansio, mwende kliniki ya macho ya hospitali ya Bugando au Sekou Toure hapa Mwanza. Panga awe na mahali pa kulala mjini siku chache, kwa sababu lazima aonwe tena baada ya upasuaji, na kwa wiki mbili tatu asiogelee wala maji ya ziwa yasimwingie jichoni. Asipike kwenye moshi kipindi hicho, hata akisisitiza. Na siku ya kwanza mje na chupa zote za dawa anazotumia, pamoja na zile za macho zilizokwisha na zile anazozificha chini ya mto.