Soma kwanza, maana itakukuta njiani

Lalamiko la wasiosoma mashairi limekuja tena, safari hii kwa sauti ya kujitetea: "Mashairi siyasomi kwa sababu siyaelewi." Na pacha wake: "Ningewasomea wenzangu, lakini wakiniuliza maana nitasema nini?" Imani hii, kwamba shairi ni kufuli na asiye na ufunguo asiliguse, inaua mazoea ya kusoma kuliko uvivu. Imetoka darasani, kwenye "bainisha dhamira, taja tamathali tatu". Mtihani uliisha zamani. Hakuna anayekusahihisha.

Sehemu kubwa ya ushairi wa Kiswahili ilitungwa iimbwe au ighaniwe. Sikio lilitangulia, maana ikafuata, na mara nyingine ilifuata kwa kuchelewa sana. Kwa hiyo chukua shairi moja kwa wiki, si moja kwa siku. Tarbia, yaani shairi la mishororo (mistari) minne kila ubeti, ikiwa na beti 5 ina mishororo 20; kwa mizani (silabi) 16 kila mshororo, ni mizani 320. Kwa sauti tulivu ni dakika 2 hivi. Lisome kwa sauti mpaka mwisho bila kusimama kwenye neno gumu. Kesho yake lirudie. Kamusi ingoje siku ya tatu, na hata hapo tafuta maneno mawili matatu tu yanayokuziba kabisa. Anayejipangia shairi jipya kila siku huchoka mapema, maana hakuna shairi linalokaa naye hadi likaanza kujisema lenyewe kichwani. Utenzi ni mrefu, basi kata beti 10 kwa kikao. Kina cha mwisho, yaani silabi ya mwisho inayorudi kila ubeti, kitakurudisha ulipoachia.

Sasa linaloniudhi hasa: wasomaji wanaosahihisha. Mshairi ameandika "takwambia ukikaa", mizani 8 kamili. Msomaji mstaarabu anaona pana upungufu, anasoma "nitakwambia ukikaa". Mizani 9! Kipande kimechechemea, naye analaumu shairi kwamba halina mdundo. Ile ni inkisari, yaani kufupisha neno ili mizani itimie, imewekwa kwa makusudi. Vivyo hivyo ukikuta "mato" katika utungo wa lahaja za kaskazini, usiligeuze "macho" ili wenzako waelewe. Kama kina cha ubeti ni -to, umekivunja kwa wema wako. Soma kilichoandikwa, kisha sema pembeni, kwa neno moja, kwamba mato ni macho. Inatosha.

Na kabla hujasema mshairi amekosea hesabu, hakikisha wewe unajua kuhesabu. M ya "mtoto" ni mizani peke yake: m-to-to, tatu. Mb ya "mbuzi" haitengani: mbu-zi, mbili. Lakini "mbwa" ni m-bwa, nayo ni mbili. Ukibabaika, piga kidole mezani kwa kila silabi. Kidole hakina haya.

Kuhusu kushiriki na wengine: picha ya ukurasa iliyotupwa kwenye kundi la WhatsApp haisomwi, inapewa kidole gumba. Ukiliandika, usiache mshororo wa mizani 16 ujikunje kwenye skrini nyembamba, kwa sababu simu huukata popote inapotaka na kina cha kati kinapotea katikati ya mstari. Vunja penye koma: ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) mstari wake, utao (nusu ya pili) mstari wake, nafasi wazi kati ya ubeti na ubeti. Bora zaidi, tuma sauti yako. Pumzika kidogo penye koma, zaidi kidogo mwishoni mwa mshororo, na usikikanyage kina kila kinapopita. Ukikikanyaga, wasikilizaji watasubiri kina na kuacha kusikia maneno. Huna sauti ya kughani? Soma tu.

Mkikutana ana kwa ana, watu wanne hadi sita wanatosha. Mmoja anasoma, wa pili analisoma lilelile tena, na hapo ndipo mambo hutokea, kwa sababu sauti ya pili husimama mahali pengine. Kisha swali liwe moja: mshororo gani umebaki nawe? "Linamaanisha nini" lipigwe marufuku kwa robo saa ya kwanza. Zamu ya kuchagua izunguke. Mchaguzi akiwa mmoja daima, kikao kinageuka somo na watu wanaanza kupata udhuru.

Kanuni yangu ina matundu, nakiri. Shairi la fumbo lililotungwa kumjibu mtu katika malumbano fulani linaweza kusomwa mara 20 likabaki limefunga mdomo mpaka uambiwe nani alimjibu nani. Hapo maelezo yatangulie, sentensi mbili tu. Na mashairi huru, yasiyofuata vina wala mizani, yananisumbua zaidi: mstari ukikatwa katikati ya sentensi, msomaji apumzike au apite? Akipumzika, sentensi inakufa. Akipita, kwa nini mtunzi aliukata? Wanamapokeo, waliotetea vina na mizani, na wanamabadiliko, waliotaka uhuru navyo, walivutana sana miaka ya 1970, lakini swali hili la pumzi bado sina jibu lake ninaloweza kulitetea. Ninachoshauri kwa sasa ni kulisoma shairi huru mara mbili mfululizo, mara moja kwa kusimama na mara moja kwa kupita, kisha kikundi kichague.