Wakili wa Kununulia Nyumba: Mtafute Mwenyewe, Usitafutiwe na Dalali

Malalamiko yanayoletwa kwenye dawati letu la msaada wa kisheria siku hizi yanafanana. Mnunuzi ameshalipa, nyumba ina mgogoro, na akiulizwa wakili wake ni nani, jibu ni lile lile: "Yule aliyeletwa na dalali." Huyo si wako, ni wa aliyemleta. Wakili mmoja anaweza kuandaa hati za pande zote mbili, ila siku mtakapovutana kuhusu arbuni hatakuwa na upande wa kusimama.

Kabla ya kumlipa, litafute jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya (LSK). Cheti cha uwakili huisha tarehe 31 Desemba kila mwaka, kwa hivyo cha mwaka jana hakikusaidii hata kikiwa kwenye fremu ukutani. Oktoba 2023 LSK ilitangaza kuwa mtu mmoja alijipenyeza kwenye mfumo huo kwa akaunti ya wakili halali. Basi usiishie kwenye jina. Linganisha picha, kisha nenda ofisini kwake.

Tafadhali tuachane na dhana kwamba kazi ya wakili ni kugonga muhuri. Mtu anakuja na mkataba uliojazwa na dalali, anataka "sahihi tu". Mwingine anatuonyesha kwa furaha cheti cha upekuzi, yaani taarifa ya kiwanja kutoka sajili ya ardhi: sehemu A ina kiwanja, B ina jina la muuzaji, C haina kitu. C tupu maana yake leo hakuna rehani iliyosajiliwa. Haisemi ardhi ilipatikanaje. Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa kuhusu kiwanja cha Nyali, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hatimiliki iliyotokana na ugawaji wa ardhi usio halali haimlindi hata mnunuzi wa baadaye. Kwa hivyo muulize wakili: utaifuatilia historia ya kiwanja hadi kwa mgawiwa wa kwanza? Akisema upekuzi unatosha, tafuta mwingine.

Kuhusu ada, kiwango cha chini kimewekwa kisheria. Wakili anayekukatia chini ya hapo anavunja sheria, na hilo likutie wasiwasi. Ushuru wa stempu ni juu ya mnunuzi: asilimia 4 mjini, 2 mashambani, ulipwe ndani ya siku 30 tangu hati kutiwa sahihi, la sivyo adhabu inaongezeka. Kodi ya faida ya mtaji ni ya muuzaji, asilimia 15 tangu Januari 2023. Kwa ardhi ya kilimo, ombi la kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila kibali mkataba ni batili, tena kulipa au kupokea pesa ili kuutekeleza ni kosa la jinai. Nyumba ya familia inahitaji idhini ya mke au mume wa muuzaji, kwa maandishi.

Pesa zipitie akaunti ya wateja ya wakili, nawe upewe risiti. Akikuhini, peleka lalama kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Lalama dhidi ya dalali hazipokelewi huko.