Mchoro ukutani, mchicha chini yake: yanayosemwa na ukweli wake

"Michoro ni urembo tu, haihusiani na mboga." Hili ndilo kosa linalozaa mengine. Kinachodondoka wakati wa kuchora hubaki kwenye udongo, na udongo huo ndio utakaopandwa mchicha.

Ukuta mkuukuu ukikwanguliwa kwa msasa, vumbi lake hutua mguuni pa ukuta, palepale panapotamaniwa kuwa bustani. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Risasi haiozi, na hukaa miaka na miaka katika udongo wa juu. Wengi huogopa tu kwamba mmea utaifyonza, kumbe hatari kubwa zaidi ni udongo wenyewe: chembe zinazoganda kwenye majani ya mboga, kwenye ganda la karoti, kwenye vidole vya mtoto. Nyanya na maharage hubeba kidogo. Basi tandika turubai, lowesha ukuta kabla ya kukwangua, vaa barakoa inayochuja vumbi laini (ya kitambaa haifai), kisha peleka udongo maabara. Majibu yakiwa mabaya, jenga kitalu kilichoinuliwa chenye kina cha sentimita 30 na ukijaze udongo wa kuletwa. Agnes Denes, msanii aliyelima ngano mwaka 1982 kwenye ekari 2 za kifusi kule Manhattan, jijini New York, kama kazi ya sanaa, naye alianza kwa kuleta udongo kwa malori.

"Kitalu kikiegemea ukuta, nafasi inaokolewa." Nafasi labda, mchoro hapana. Unyevu hupanda kwenye lipu, chumvi hutoka kama unga mweupe, rangi inavimba malengelenge na kubanduka. Acha sentimita 30 kati ya udongo na ukuta. Lipu mpya nayo ikae siku 28 kabla ya kupakwa.

"Tairi lililopakwa rangi ni chungu cha bure." Tairi linapochakaa hutoa zinki na kemikali nyingine, na rangi ya nje haizuii chochote upande wa ndani unaogusa udongo. Liwekee maua. Kwa mbao za paleti (yale majukwaa ya kubebea mizigo), tafuta muhuri: HT maana yake zilitibiwa kwa joto, zenye MB zilifukizwa kwa methili bromidi, gesi yenye sumu ya kuua wadudu, ziache.

"Weka kokoto ndani ya kopo la kupandia, kwenye kitako, ili maji yatoke." Ushauri huu umezoeleka mno, na si sahihi. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulowe kabisa, kwa hiyo tope linasogea juu, karibu na mizizi. Toboa matundu matano ya milimita 10 kwenye kitako, jaza udongo mpaka chini, basi.

Nguzo ya kokoto katikati ya gunia la udongo linalopandwa mboga juu na ubavuni ni habari nyingine, kwa sababu imesimama wima na kushusha maji ngazi zote. Simamisha kopo lisilo na kitako katikati, lijaze kokoto, zungushia udongo (sehemu tatu kwa moja ya mboji), vuta kopo juu, rudia hadi gunia lijae. Ukimwagilia juu ya udongo tu na kuisahau nguzo, miche ya chini hukauka kwanza.

"Samadi mbichi ndiyo yenye nguvu." Ndiyo yenye vimelea pia. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya kuiweka na kuvuna zao linalogusa udongo, 90 kwa lisilogusa.

"Bustani italisha mtaa mzima." Italeta mboga, nafaka inataka mashamba. Hata mboga zina hesabu yake: kwa kawaida mita moja ya mraba huhitaji takriban lita 25 za maji kwa wiki, hivyo vitalu vya mita 10 za mraba ni lita 250, na lazima kuwe na wa kuzibeba. Hapo mchoro una kazi: paka kipande cha ukuta karibu na bomba rangi nyeusi ya ubao, chora siku saba kwa rangi ya kudumu, majina ya wenye zamu yaandikwe kwa chaki.