Kinachorekebishwa Bungeni si ripoti ya Mkaguzi Mkuu

Kila ripoti ya ukaguzi inapojadiliwa Bungeni hapa Kenya, msemo uleule hurudi redioni, kwenye matatu na katika makundi ya WhatsApp: "Wabunge wamebadilisha ripoti ya Mkaguzi Mkuu." Juzi nimeusikia kwa mtangazaji ninayemheshimu, na dereva wa matatu ya Rongai akaitikia kwa sauti, "Hao walikula!" Huenda walikula, huenda hawakula, hilo ni la wapelelezi. Ila ripoti ya Mkaguzi Mkuu hawakuibadilisha, kwa kuwa hawana uwezo wa kuigusa. Walichobadilisha ni hoja.

Hoja, kwa lugha ya Bunge, ni pendekezo lililoandikwa linaloomba Bunge liamue jambo fulani. Marekebisho ya hoja ni pendekezo jingine, dogo, la kubadilisha maneno ya lile la kwanza kabla halijapigiwa kura: kuondoa maneno, kuongeza, au kuondoa haya na kuweka yale. Maana yake ndiyo hiyo tu. Vurugu huanza watu wanaposahau kwamba mezani pana karatasi tatu, si moja.

Karatasi ya kwanza ni ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni, na kifungu cha 229 cha Katiba kinampa miezi sita kukagua hesabu na kutoa ripoti, yaani mpaka mwisho wa Desemba. Ripoti hiyo lazima iseme iwapo pesa za umma zilitumika kwa mujibu wa sheria na kwa njia yenye tija. Ofisi yake ni huru. Hapokei maagizo ya Waziri wala ya Spika. Kifungu hichohicho kinalipa Bunge miezi mitatu tangu kupokea ripoti ili liijadili na kuchukua hatua ifaayo. Miezi hiyo mitatu imekuwa ikipitwa mara nyingi, kamati zikijadili hesabu za miaka iliyokwisha sahaulika, lakini hayo ni malalamiko mengine. Cha kushika hapa ni kitenzi. Katiba imeliambia Bunge lijadili na lichukue hatua. Haikuliambia lihariri.

Karatasi ya pili ni ripoti ya kamati. Hesabu za wizara na idara huenda kwa Kamati ya Hesabu za Umma ya Bunge la Taifa. Mashirika ya serikali huenda kwa kamati za uwekezaji wa umma, ambazo tangu 2022 ni tatu badala ya moja, kila moja na sekta zake. Hesabu za kaunti hufika Seneti, na mabunge ya kaunti nayo hupokea za kwao, la Nairobi pale City Hall likiwamo.

Vikao vya kuwahoji mashahidi viko wazi kwa umma, na aliye na nafasi asubuhi moja katikati ya jiji aende akajionee. Katibu wa Wizara huingia na wahasibu wake pamoja na mafaili ya kutosha kujaza buti ya gari. Maafisa wa Mkaguzi Mkuu nao huwamo. Mwenyekiti husoma namba ya aya: malipo fulani hayana hati za kuyathibitisha. Katibu anajibu kwamba hati zipo, hizi hapa. Mwenyekiti anawageukia wakaguzi: mliziona? Hatukupewa wakati wa ukaguzi, Mheshimiwa Mwenyekiti. Hapo ndipo wabunge hupandwa na hasira, na wana haki. Hati zilizokosekana miezi yote ya ukaguzi zimewezaje kupatikana asubuhi ya kikao? Baada ya kelele, hati hupelekwa kwa wakaguzi zihakikiwe. Zikionekana sawa, kamati huandika kwamba swali hilo limetatuliwa, na kwa kawaida huongeza onyo kwa afisa aliyechelewesha nyaraka.

Sasa angalia jambo moja. Swali kutatuliwa mbele ya kamati hakulifuti kwenye ripoti ya ukaguzi. Ripoti inaendelea kusema kilichoonekana, na kisichoonekana, wakati wa ukaguzi. Jibu la baadaye linakaa kwenye karatasi ya kamati. Chama kikimsamehe mweka hazina wake, daftari la hesabu halijiandiki upya.

Baada ya mashahidi kuondoka, kamati huketi kuandika, mara nyingi faraghani. Ripoti yake ina sehemu mbili zenye uzito: yale yaliyobainika, na mapendekezo. Yaliyobainika hayana ugomvi mkubwa. Ugomvi uko kwenye mapendekezo, na hasa kwenye vitenzi vyake. Afisa huyu "aonywe" au "achunguzwe"? Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi "ichunguze" au "ifikirie kuchunguza"? Je, kamati itaje kifungu cha 226 cha Katiba, kinachosema kwamba mwenye ofisi ya umma aliyeidhinisha matumizi kinyume cha sheria atawajibika kwa hasara hiyo, hata kama amekwisha ondoka ofisini? Neno moja hapa lina thamani kubwa kuliko hotuba ya nusu saa. Wengi wakikubaliana, ripoti inapita. Walio wachache wanaweza kuambatisha maoni yao ya kupinga. Ukiniuliza mahali ambapo pendekezo kali hulainishwa kwa urahisi zaidi, nitakuelekeza kwenye chumba hiki, siyo kwenye ukumbi mkuu. Humu hakuna kamera, na rasimu ya jana haichapishwi kando ya rasimu ya leo.

Karatasi ya tatu, fupi kuliko zote, ndiyo hoja. Mwenyekiti akishawasilisha ripoti ya kamati mezani, hutoa taarifa ya hoja, na siku ikifika huisoma. Huwa ni sentensi moja ya namna hii: "Kwamba, Bunge hili liidhinishe Ripoti ya Kamati ya Hesabu za Umma kuhusu ukaguzi wa taarifa za fedha za Serikali ya Taifa za mwaka fulani, iliyowasilishwa mezani tarehe fulani." Anayeunga mkono anaunga, Spika analiweka swali mbele ya Bunge, mjadala unaanza.

Katikati ya mjadala mbunge anasimama na marekebisho yake, ambayo lazima yawe yameandikwa. Tuseme kamati ilipendekeza katibu mmoja achunguzwe kwa ununuzi wa pampu za maji. Mbunge haombi ripoti ichanwe. Anaomba maneno machache tu yaongezwe mwishoni mwa ile sentensi: "isipokuwa pendekezo namba kadhaa kwenye ukurasa kadhaa, ambalo linaondolewa." Akipata wa kumuunga mkono, mjadala wa hoja kuu husimama kwanza na wa marekebisho kuanza. Marekebisho hupigiwa kura. Yakipita, Bunge linarudi kwenye hoja kuu, ambayo sasa ni hoja "kama ilivyorekebishwa", nayo hupigiwa kura yake. Kura mbili, maswali mawili. Waandishi wengi hunasa ya kwanza tu kisha hukimbilia studio.

Kura yenyewe kwa kawaida ni ya sauti: Ndiyo, La, na Spika anaamua upande upi umevuma zaidi. Majina ya waliopiga hayaandikwi mpaka wabunge wadai kura ya kuhesabiana. Idadi nayo si kubwa kama watu wanavyodhani. Bunge la Taifa lina wabunge 349, lakini akidi iliyowekwa na Katiba, yaani idadi ya chini ya wabunge wanaotakiwa kuwamo, ni 50, na uamuzi hupita kwa wingi wa waliopo na kupiga kura. Fanya hesabu: wakiwamo 50 na wote wapige kura, 26 wanatosha kuondoa pendekezo ambalo kamati ililifanyia kazi kwa miezi. Hili ndilo la kukasirikia, kama mtu anatafuta la kukasirikia.

Kuna wanaochanganya marekebisho na kuangusha. Anayeipinga hoja yote haleti marekebisho ya kuigeuza kichwa chini. Anasubiri kura ya mwisho na kupiga La. Hivyo ndivyo Bunge la Taifa lilivyoikataa, mwaka 2014, ripoti ya shambulio la kigaidi la Westgate na, mwaka 2018, ile ya sukari ya magendo. Zote mbili hazikuwa ripoti za ukaguzi wa hesabu, ila utaratibu ni uleule. Hoja ikianguka, hakuna azimio. Ikipita, hata ikiwa imepunguzwa, azimio lipo, na Kanuni za Kudumu, yaani kanuni za kuendeshea Bunge, zinampa Waziri husika siku 60 kueleza utekelezaji wake umefika wapi. Basi ripoti iliyoondolewa pendekezo moja kati ya mia haiko sawa kabisa na ripoti iliyokataliwa, na anayezitangaza kwa neno moja anawapotosha wasikilizaji wake.

Narudi kwa yule katibu wa pampu. Pendekezo limeondolewa. Je, amesafishwa? Hapana. Bunge si mahakama. Halikuwa na uwezo wa kumtia hatiani, kwa hiyo halina uwezo wa kumwachilia. Tume ya Maadili inaweza kumchunguza kesho bila kusubiri azimio la mtu, na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kwa kifungu cha 157, haombi ruhusa ya yeyote ili afungue kesi. Upande wa pili ni hivyohivyo: pendekezo likipita, halimfungi mtu jela, na wala halimlazimishi Mkurugenzi huyo kushtaki.

Na zile pampu? Aya yake imo palepale katika ripoti ya Mkaguzi Mkuu, neno kwa neno. Zaidi ya hayo, ripoti za ukaguzi huwa na sehemu ya masuala ya miaka iliyotangulia ambayo hayajatatuliwa. Kama hati hazikupatikana, pampu zitatokea tena humo mwaka unaofuata, Katibu mpya ataitwa kuzieleza, naye atasema alizikuta.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa redio, usiseme "Bunge limebadilisha ripoti ya Mkaguzi Mkuu." Sema "Bunge limeidhinisha ripoti ya kamati, isipokuwa pendekezo hili," halafu lisome hilo pendekezo lenyewe hewani, na aya ya Mkaguzi Mkuu iliyolizaa. Kisha mtaje mbunge aliyeleta marekebisho na yule aliyeyaunga mkono. Kura ya sauti haina majina, lakini hao wawili majina yao yamo kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi ya yaliyosemwa Bungeni, ya siku hiyo, na Hansadi inapatikana bure katika tovuti ya Bunge.