Sekunde 30 kabla ya kosa

Msimu wa soko la tumbaku ukifika, karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika huku Urambo, Kaliua au Sikonge, mkoani Tabora, hufanya kazi ambayo mwanafunzi wa darasa la nne angeiweza. Mzigo unapanda, namba zinatulia, anasoma, anaandika. Huo umekwisha, ulete mwingine. Jua likishakuwa kali na foleni bado ndefu, mizani inasoma 86, daftari linasema 68. Mwenye tumbaku akiliona hilo, maneno huwa yaleyale: "Karani, umelala au umepewa kitu?" Karani anaapa kwamba hakulala wala hakupewa kitu. Mara nyingi anasema kweli.

Wataalamu wa ubongo wamelichunguza sana kosa la namna hii, la mtu anayeijua kazi, aliye macho, asiye mgonjwa. Mwaka 2008 Tom Eichele wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, na wenzake walichapisha utafiti ambao mimi huutaja kila ninapofundisha watu wa kazi za kujirudiarudia. Waliwalaza watu kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo, na kuwapa zoezi jepesi: inatokea mishale kwenye kioo, wewe bonyeza upande unaoelekezwa na mshale wa katikati. Hivi:

< < > < <

Wa katikati unaelekea kulia, basi bonyeza kulia. Ugumu ni mmoja tu: mishale ya pembeni inakuvuta kushoto. Ukiifanya mara kumi utacheka. Ukiifanya mamia ya mara, utakosea, na utajua umekosea kabla hata kidole hakijaachia kitufe.

Wengi wangetarajia kwamba kosa kama hilo linazaliwa papo hapo, kwa bahati mbaya. Picha za ubongo zilionyesha vingine. Mabadiliko yalianza mapema, hadi sekunde 30 kabla ya kosa, na yalikua polepole. Sehemu fulani za mbele upande wa kulia, zinazohusika na kujituma na kuidhibiti kazi, zilikuwa zikipunguza shughuli. Wakati huohuo sehemu nyingine, zile ambazo kwa kawaida huchangamka mtu anapopumzika na mawazo yake na hutulia anaposhika kazi, zilikuwa zinaamka. Mtandao huo wa mapumziko ulielezwa mwaka 2001 na Marcus Raichle na wenzake huko St. Louis, Marekani.

Kwa nini ubongo ujiachie namna hiyo? Maelezo ya watafiti ni kwamba unabana matumizi. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yote. Kazi ikishazoeleka, unaipunguzia nguvu. Madereva wetu wanaujua mchezo huo: mteremkoni anatia gia huru ili abane mafuta, gari linakwenda lenyewe. Shida inakuja mbuzi akikatiza barabara. Mzigo wa 80 ukifuatwa na wa 82, na wa 81, mkono wa karani unaandika bila kumuuliza mwenyewe.

Mwaka uliofuata, Ali Mazaheri wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na wenzake walipima mawimbi ya ubongo ya watu waliotakiwa kubonyeza kila wanapoona tarakimu, isipokuwa 5. Takriban sekunde moja kabla ya kuikosea ile 5, mawimbi ya alfa, ambayo huongezeka ubongo unapolegea, yalikuwa na nguvu zaidi kisogoni, eneo la kuona, kwa kama asilimia 25. Macho yalikuwa wazi muda wote. Ndiyo maana agizo la "fumbua macho!" halisaidii.

Hapa niweke breki kidogo, maana habari za ubongo hutiwa chumvi zikifika mtaani. Matokeo haya ni wastani wa majaribio mengi yaliyojumlishwa. Hayamaanishi kwamba kuna mashine ya kumvalisha karani ikapiga kengele kabla hajakosea. Wala si kinga ya mwizi: anayepunguza kilo kila siku, na kila mara kwa faida ya upande mmoja, huyo ubongo wake unafanya kazi vizuri kabisa.

Basi tufanye nini? Kukata mshahara na kufokea kunamwongezea mtu woga, hakubadilishi mpangilio wa kazi, na tatizo limo kwenye mpangilio. Tangu mwaka 1948 Norman Mackworth, aliyechunguza wanajeshi wa Uingereza waliokuwa wakikodolea rada, alionyesha kuwa umakini hushuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Nusu saa! Sisi tunamwacha mtu kwenye mizani tangu asubuhi hadi foleni iishe. Watu wawili wanaopokezana, mmoja mizani, mwingine kupanga mizigo, wanatosha, na foleni haichelewi.

Njia nyingine haina gharama, na mji wa reli kama Tabora ungepaswa kuipenda. Wafanyakazi wa reli wa Japani huonyesha taa kwa kidole na kutamka kwa sauti wanachokiona. Jaribio la taasisi yao ya utafiti wa reli mwaka 1994 lilikuta makosa yakishuka kutoka 2.38 hadi 0.38 kwa kila matendo 100. Kwenye mizani ni hivi: karani anaonyesha namba na kusema, "Themanini na sita." Mwenye mzigo anaitikia, "Themanini na sita." Ndipo kalamu iguse karatasi. Anayehesabu vidonge dukani anaweza kufanya vivyo hivyo, na mama wa sokoni anayehesabu chenji kwa sauti mbele ya mteja ameshaanza zamani. (Usingizi pungufu na njaa huzidisha mambo, hilo halihitaji mtaalamu.)

Jambo moja husahaulika. Katika utafiti wa Eichele, mtu alipokosea na kulijua kosa lake, ubongo ulirudi kazini mara moja. Baada ya kosa lililogundulika huwa tunapunguza kasi na kuangalia zaidi, kwa hiyo mzigo unaofuata kwa kawaida uko salama. Mzigo wa kutiliwa shaka ni ule uliotangulia, ulioandikwa wakati umakini umeshaanza kuteleza na hakuna aliyeshtuka. Kwa hiyo karani akikamata 68 iliyotakiwa kuwa 86, asirekebishe mstari huo peke yake. Arudi juu, mizigo miwili mitatu iliyopita ipande tena kwenye mizani kabla haijapakiwa.